Majibu yamesema "pozitivu": ni habari njema au mbaya?

Umekwenda kuchangia damu. Siku chache baadaye unapewa kadi yako, na juu yake imeandikwa "O POSITIVE". Moyo unakwenda mbio. Unawaza utamwambiaje mwenzi wako, na usiku usingizi hauji. Kumbe hakuna aliyesema una ugonjwa. Umeambiwa kundi lako la damu, basi.

Wengine hukosea kwa upande wa pili. Mama anaambiwa saratani yake ya titi ni "triple negative", yaani negativu tatu, naye anashukuru kwa kuwa anajua negativu ni salama. Anarudi nyumbani akiwa ametulia, wakati ilimpasa kuanza matibabu mapema.

Wote wawili wamesikia neno sahihi wakalipa maana ya mahali pengine. Makala hii inakusaidia kujua neno hili lina maana gani kwenye karatasi yako ya majibu, na ni maswali gani umuulize mhudumu kabla hujaondoka kituoni.

Neno moja, maana nyingi

Pozitivu ni neno la Kiingereza lenye asili ya Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya "kuweka". Tangu zamani limebeba wazo la kitu kilichowekwa, kitu ambacho kipo. Kila fani imelichukua kwa namna yake:

- Katika hesabu, namba chanya ni ile iliyo kubwa kuliko sifuri.
- Katika umeme, Benjamin Franklin alianza kutumia maneno haya mwaka 1747 kutofautisha aina mbili za chaji. Ndiyo maana betri ya redio ina upande wa + na upande wa –. Hakuna upande ulio mwema kuliko mwenzake.
- Katika picha za zamani za studio, negativu ilikuwa filamu ambayo picha ilisafishwa kutoka kwake.
- Katika mazungumzo ya kila siku, "mtazamo chanya" ni mtazamo wa matumaini, na "maoni hasi" ni lawama.

Maana hii ya mwisho ndiyo inayotuchanganya. Tumezoea kwamba chanya ni kizuri na hasi ni kibaya. Kisha VVU vilipoingia, "kuwa pozitivu" kukawa neno la kunong'onezwa. Sasa mtu akisikia neno hilo kwa daktari, ama anafurahi bure ama anaogopa bure.

Kanuni moja ya kukumbuka

Katika vipimo vingi, pozitivu maana yake ni: *kile kilichotafutwa kimeonekana*. Negativu maana yake ni: *kile kilichotafutwa hakikuonekana*.

Kipimo hakijui wewe ulitarajia nini. Kipimo cha mimba hutafuta homoni inayoitwa hCG. Kikiwa pozitivu, mke aliyesubiri mtoto kwa miaka mingi atapiga vigelegele, na mwanafunzi wa sekondari atalia. Jibu ni lile lile. Kwa hiyo, kabla ya kufurahi au kuhuzunika, jiulize: walikuwa wanatafuta nini?

Kwenye karatasi, jibu hili huandikwa kwa namna nyingi: "POSITIVE", "POS", alama ya +, au "REACTIVE". Kwa Kiswahili utasikia "chanya", au "amekutwa na".

Kwenye vipimo vya maambukizi

*Malaria.* Kipimo cha haraka hutafuta protini za vimelea vya malaria kwenye tone la damu. Mistari miwili ni pozitivu. Mstari mmoja kwenye herufi C ni negativu. Mstari wa C usipotokea kabisa, kipimo kimeharibika na kinarudiwa. Baadhi ya vipimo hivi huendelea kuonyesha pozitivu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa sababu mabaki ya protini hubaki mwilini. Homa ikirudi muda mfupi baada ya dozi, mweleze mhudumu kwamba ulishatibiwa, ili akuangalie kwa darubini. Na kama una homa lakini kipimo ni negativu, usishinikize upewe dawa ya malaria. Homa yako huenda ina sababu nyingine, nayo itafutwe.

*VVU.* Vipimo vingi vya VVU hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi. Askari hao huchukua muda kuonekana. Mtu aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita anaweza kupata negativu, ndiyo maana huambiwa arudi kupima baada ya miezi 3. Kwa mtoto wa chini ya miezi 18, kingamwili zinazoonekana zinaweza kuwa za mama yake, hivyo hupimwa kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe.

Kuna jambo hapa linalogharimu maisha. Anayetumia ARV vizuri anaweza kuambiwa kwamba virusi "havionekani". Hiyo ni habari njema sana: afya yake inalindwa, na hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa njia ya ngono. Lakini kutoonekana si kuwa negativu. Virusi vimefubazwa, havijaondoka. Akiacha dawa vitaongezeka tena. Kama unatumia ARV, usijipime mwenyewe nyumbani ili kuona kama umepona, kwa sababu dawa zinaweza kufanya kipimo hicho kitoe jibu lisilo sahihi.

*Kifua kikuu.* Makohozi yakiwa pozitivu, vimelea vimeonekana. Baada ya wiki kadhaa za dawa, makohozi ya wengi huwa negativu. Hapo ndipo wengine huacha dawa. Usiache. Matibabu ya kawaida huchukua takribani miezi 6, na vimelea vichache vilivyojificha vinaweza kurudi vikiwa sugu.

Kwenye kundi la damu

Hapa pozitivu haihusiani na ugonjwa wowote. Chembe nyekundu za damu zikiwa na protini inayoitwa Rh D, damu yako ni Rh pozitivu. Zisipokuwa nayo, ni Rh negativu. Afrika Mashariki, zaidi ya watu 9 katika 10 ni Rh pozitivu. Damu ya kuchangia hupimwa pia VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini majibu hayo ni ya kando na hayachanganywi na kundi lako.

Anayehitaji kuwa makini zaidi ni mama aliye Rh negativu. Akibeba mtoto wa Rh pozitivu, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili zitakazoshambulia damu ya mtoto wa mimba inayofuata. Hili huzuilika kwa sindano ya anti-D, ambayo hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na mara nyingi pia karibu na wiki ya 28 ya ujauzito. Wakati mwingine huhitajika hata baada ya mimba kuharibika. Kama kadi yako ya kliniki inaonyesha Rh negativu, iulizie mapema.

Kwenye saratani

Kipande cha uvimbe wa titi kikipelekwa maabara, wataalamu hutafuta vitu vitatu: vipokezi vya homoni ya estrojeni, vipokezi vya projesteroni, na protini ya HER2. Kila kinachoonekana ni mlango ambao dawa inaweza kupitia. Saratani yenye estrojeni pozitivu inaweza kutibiwa kwa dawa kama tamoksifeni. Yenye HER2 pozitivu ina dawa iitwayo trastuzumabu.

Negativu tatu maana yake ni kwamba milango yote mitatu haipo. Saratani bado ipo, na mara nyingi hukua haraka. Ina matibabu, lakini haitaki kusubiri.

Baada ya upasuaji unaweza pia kusikia kwamba kingo za nyama iliyokatwa ni pozitivu. Hii ina maana kwamba seli za saratani zimeonekana ukingoni, na huenda nyingine zimebaki mwilini. Hapa negativu ndiyo tunayoiomba.

Kwenye fomu ya bakteria

Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alieleza njia ya kupaka bakteria rangi. Wanaobaki na rangi ya zambarau huitwa Gram pozitivu, na wanaogeuka waridi huitwa Gram negativu. Makundi yote mawili yana bakteria wanaougua watu. Kwa hiyo "Gram negativu" kwenye fomu yako haimaanishi huna bakteria. Maana yake ni kwamba bakteria wamepatikana na aina yao inaanza kujulikana, jambo linalomsaidia daktari kuchagua dawa.

Kwenye afya ya akili

Kwa mgonjwa wa skizofrenia, wataalamu husema kuna "dalili pozitivu" na "dalili negativu". Pozitivu ni vile vilivyoongezeka: kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kwa dhati jambo lisilo la kweli. Negativu ni vile vilivyopungua: kuongea, furaha, hamu ya kuoga au kutoka nje. Familia nyingi huona dalili za kundi la pili kuwa uvivu au kiburi. Ni ugonjwa ule ule.

Pozitivu inaweza kukosea

Hakuna kipimo kisichokosea kabisa. Chukua mfano wa hesabu tu. Watu 1,000 wanapimwa, na 10 kati yao wana ugonjwa. Kipimo kinawapata wote 10. Lakini kwa wazima 990, kinakosea kwa mtu 1 katika kila 100, yaani takribani watu 10. Jumla ya waliopata pozitivu ni 20, na nusu yao ni wazima.

Hii ndiyo sababu hurudiwa vipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu aambiwe ana VVU baada ya vipimo vitatu tofauti kukubaliana. Ukijipima nyumbani ukaona pozitivu, hilo ni jibu la awali. Nenda kituoni lithibitishwe, na usichukue uamuzi wowote mkubwa usiku huo.

Maswali ya kuuliza kabla hujaondoka

1. Kipimo hiki kilikuwa kinatafuta nini?
2. Kimeonekana au hakikuonekana?
3. Kwa hali yangu, jibu hili ni zuri au ni la kufuatilia?
4. Je, linahitaji kuthibitishwa au kurudiwa, na lini?
5. Nifanye nini kuanzia leo?

Ukishindwa kuelewa, mwambie mhudumu: "Naomba unieleze kwa Kiswahili cha kawaida." Si dharau, ni haki yako. Halafu rudia kwa maneno yako ulichosikia, ili akusahihishe kama umekosea. Mnaweza kuchukua dakika mbili tu, na ukaepuka kukosa usingizi usiku kucha au kuchelewa kuanza matibabu kwa miezi.