Rangi ya Mawese na Maneno Tuliyoyasahau

Mwanafunzi mmoja wa kemia hapa Chepkoilel, Eldoret, alinijia na ombi. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza kuhusu kutoa rangi ya asili katika mafuta ya mimea, na sasa alitaka kumweleza nyanya yake kwa Kiswahili. Alianza vyema, kisha akakwama. "Mwalimu," akaniuliza, "kweli Kiswahili kina maneno ya mambo haya?"

Tulitazame kwanza jambo lenyewe. Mawese, mafuta ya mchikichi yanayokamuliwa Kigoma na Kongo, ni mekundu kwa sababu ya karotini. Kilo moja ya mawese ghafi aghalabu huwa na miligramu 500 hadi 700 za rangi hiyo. Mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo mtoto akiikosa huweza kupofuka. Hata hivyo, viwanda vingi huiondoa kwa udongo unaofyonza rangi, kisha kwa joto linalozidi nyuzi 200. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2012 zinalazimu mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Twaondoa cha asili, kisha twanunua badala yake.

Watafiti wamepata njia ya kuiokoa rangi hiyo kwa utando wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Mafuta husukumwa kwa shinikizo. Molekuli ndogo hupita, kubwa hubaki. Lakini pana kikwazo: uzito wa molekuli ya mafuta ni takriban 850, na wa karotini ni 537 tu. Kwa hiyo, mafuta hutiwa kwanza methanoli na kichocheo, kila molekuli ikatoa esta tatu, kila moja ikiwa na uzito wa takriban 300 au chini yake. Sasa karotini ndiyo kubwa. Esta hupenya, rangi ikabaki nyuma.

Je, ni wapi hapo Kiswahili kimeshindwa? Utando tunao: ndio ule unaotanda juu ya maziwa yaliyopoa. Mama wa pwani akamuaye nazi kwa kifumbu anaijua kanuni yenyewe: tui hupita, chicha hubaki. Neno karotini ni la kukopa, lakini Kiingereza nacho hakikulizaa. Lilitungwa na mkemia Mjerumani, Wackenroder, mwaka 1831, kutokana na jina la Kilatini la karoti. Isitoshe, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Maneno yapo, wasemaji ndio tuliojitenga nayo.

Najua nitakavyojibiwa: mitihani ya sayansi ni ya Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na kazi ni vivyo hivyo. Ni kweli, wala sisemi Kiingereza kifukuzwe. Nasema tu kwamba Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na lugha rasmi isiyoweza kuingia maabara ni rasmi kwa jina tu. Mwalimu wa kemia na mwalimu wa Kiswahili na waketi pamoja. Kila somo likiisha, mwanafunzi mmoja alieleze upya kwa Kiswahili, bila kusoma daftari. Asiyejua maana haambiwi maana. Na asiyeweza kuieleza, hapana hakika kwamba anaijua.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya likizo. Nyanya alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na hayo mafuta yaliyopita kwenye utando, yanalika?" Kijana hakuwa na jibu. Katika kurasa zake zote za Kiingereza, hakuwahi kujiuliza. Ilimbidi avirudie vitabu ndipo ajue kwamba esta hizo si chakula tena, ila zaweza kuendesha injini ya dizeli.

Swali lile lilihitaji Kiswahili ili liulizwe.