Sumu Zilizovunja Rekodi, na Ile Iliyomo Kwenye Muhogo wa Mtabila

Sumu kali kuliko zote zinazojulikana haiuzwi dukani Kasulu, mkoani Kigoma, wala haioti kwenye mabonde ya Mtabila. Hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na wataalamu wanakadiria kwamba gramu 1 tu, ikisambazwa sawasawa hewani na kuvutwa, ingeua watu zaidi ya 1,000,000. Sumu hiyohiyo madaktari huichoma kwa kiasi kidogo mno ili kulegeza misuli iliyokakamaa. Kipimo ndicho kinachoamua: Paracelsus, tabibu wa Uswisi, alilifundisha hilo katika karne ya 16, na elimu ya sumu bado imesimama juu yake. Kwa hiyo kuzipanga sumu kwa ukali wake hakumsaidii sana mtu wa Kasulu au Kibondo. Rekodi zinazonigusa ni za sumu zilizofika jikoni, shambani na mezani kwa kiasi cha kuua, na za dawa zilizowahi au zilizochelewa.

Sumu inayoliwa na watu wengi zaidi

Mtabila ilijulikana kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyofungwa mwishoni mwa 2012. Siku hizi kuna kikosi cha JKT. Kambi au si kambi, nyanda zile za juu hadi Kibondo ni nchi ya muhogo. Waha, Warundi na Wakongo wa kambi ya Nyarugusu wote wanaujua ugali wake.

Ndani ya muhogo kuna kemikali iitwayo linamarini. Mzizi ukikatwa au kukwanguliwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo huifikia, na sayanaidi huanza kutoka. Muhogo mtamu una kidogo. Mchungu una nyingi, na ndiyo sababu wakulima wengi wanaupenda: nyani, nguruwe mwitu na wezi hawausumbui sana. Akina mama wanajua dawa yake. Humenya, huloweka siku tatu au zaidi mpaka mzizi ubonyee kwa kidole, hutoa uzi wa katikati, hukamua maji, huanika, kisha hutwanga. Katika kuloweka ndiko sumu nyingi inakotoka, kwa sababu mzizi unapolainika linamarini inapata nafasi ya kuvunjika. Makopa yaliyokatwa na kuanikwa juani tu hubaki na sumu nyingi zaidi kuliko udaga uliolowekwa vizuri.

Mlipuko mkubwa kuliko yote uliotokana na kukatiza hatua hizo ulitokea Nampula, Msumbiji, mwaka 1981. Ukame ulibakiza muhogo mchungu peke yake shambani, njaa haikusubiri siku tatu, na watu zaidi ya 1,000 wakapata konzo. Miguu hukakamaa ghafla, pengine kwa siku moja tu, na haipati nafuu kamili tena. Kwetu Tanzania mlipuko kama huo ulitokea Tarime mwaka 1985, nao ulikuwa mwaka wa ukame. Wanaoumia zaidi ni watoto na wanawake. Mwili una njia ya kuibadili sayanaidi iwe kitu chenye madhara kidogo kinachotoka kwa mkojo, lakini kazi hiyo inahitaji salfa kutoka kwenye protini. Mtu anayekula ugali huo kwa maharage au dagaa wa Kigoma ana kinga ambayo anayekula ugali na mboga za majani tu hana.

Konzo huja baada ya wiki nyingi za kula sumu kidogokidogo. Sumu ya siku moja ni jambo jingine. Septemba 2017 wilayani Kasese, Uganda, mlipuko ulianzia msibani: watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa muhogo, na 2 wakafa. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sayanaidi kwa kilo, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Dalili ni kutapika, tumbo kuuma, kichwa, kizunguzungu, na kwa waliozidiwa, degedege na kupoteza fahamu. Sayanaidi huzuia seli kutumia oksijeni iliyokwisha kufika, ndiyo maana oksijeni ya hospitali peke yake haitoshi kwa aliyezidiwa. Dawa bora ni haidroksokobalamini, aina ya vitamini B12: inaikamata sayanaidi, vinageuka kuwa vitamini B12 ya kawaida, na figo zinaitoa. Sijui dawa nyingine ya sumu inayofanya kazi kwa ustaarabu kama hii, na inaniuma kwamba ni ghali.

Kuna njia nyingine isiyogharimu chochote. Howard Bradbury wa Australia na wenzake walionyesha kwamba unga ukichanganywa na maji, ukatandazwa kama tabaka jembamba na kuachwa saa 2 juani au 5 kivulini, sayanaidi nyingi huruka hewani. Unga huo hupikwa siku hiyohiyo.

Mswaki uliozaa dawa ya moyo

Kati ya ajali zote za sumu, iliyoleta faida kubwa zaidi Afrika Mashariki na Kati ilimpata John Kirk, daktari katika msafara wa Livingstone wa Zambezi ulioanza 1858. Mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu ya mishale ya wenyeji. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, kisha akagundua mapigo ya moyo wake yamebadilika. Sumu ile ilitoka kwenye mmea wa Strophanthus kombe, na kutoka humo ikapatikana strofanthini, dawa ya moyo iliyotumika kwa miaka mingi. Kirk baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Wawindaji walioijua sumu ile kwa vizazi hawakuandikwa majina.

Yuko pia panya mkubwa wa Afrika Mashariki, Lophiomys imhausi, anayetafuna gome la mti wa msunguti, ambao nao hutengenezewa sumu ya mishale, na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa anayemng'ata anaweza kufa. Mmoja wa walioeleza jambo hilo mwaka 2011 ni Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora.

Majaribio ya hatari kuliko yote

Mwaka 1831 mfamasia Mfaransa Touéry alimeza strikinini ya kuua mtu mara kadhaa mbele ya madaktari wa Paris, akiwa ameichanganya na mkaa. Hakudhurika. Mkaa ulioandaliwa kwa hospitali una vitundu vingi hivi kwamba gramu 1 ina eneo la mita za mraba 1,000 hivi, na sumu hunasa humo. Lakini si mkaa wa jikoni uliosagwa, na haukamati spiriti, madini ya chuma wala mafuta ya taa. Hupewa mtu mwenye fahamu zake, vizuri zaidi ndani ya saa ya kwanza.

Ushauri wa hatari kuliko wote unaosikika mitaani ni huu: mtapishe, mpe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu, na aliyelegea anaweza kupaliwa nayo. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda asitapishwe kabisa, kwani hatari kubwa ni mafuta kuingia mapafuni. Alazwe ubavu wa kushoto, nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, na chupa yenyewe iende naye hospitali.

Sumu zisizo na dawa

Mlipuko wa sumukuvu uliorekodiwa kuua watu wengi zaidi ulikuwa wa mashariki ya Kenya mwaka 2004: wagonjwa 317, vifo 125, chanzo kikiwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara walipata msiba kama huo. Kisiwani Panza, Pemba, Machi 2024, nyama ya kasa iliua watoto 8 na mtu mzima 1, na wengine 78 wakalazwa. Kupika hakuiondoi sumu ya kasa.

Kipimo kikubwa kuliko vyote

Kwa wakulima wa tumbaku na pamba magharibi mwa nchi, dawa za wadudu za jamii ya organofosfeti ndizo za kuogopwa. Aliyezimeza, au aliyelowa nazo akipulizia, hutoka jasho na mate, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, na mapafu hujaa majimaji. Dawa ni atropini. Moyo unaoenda polepole hutibiwa kwa miligramu 0.5 hadi 1. Hapa huanzia 1 hadi 3, na kama kifua bado kinakoroma baada ya dakika 5, kiasi huongezwa mara mbili, tena na tena, mpaka mapafu yakauke na mapigo yapite 80. Muuguzi huvaa glavu, maana sumu iko kwenye nguo na matapishi. Mgonjwa asiruhusiwe kesho yake kwa sababu tu amekaa na kunywa uji: kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli ya kupumua inaweza kulegea ghafla, na safari hii atropini haisaidii, huhitajika mashine ya kupumulia.