Kuacha pombe mpakani: anayetetemeka aanzie hospitalini

Kuanzia Malaba hadi Tororo, na katika mitaa ya Busia pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, pombe ina sura nyingi. Kwa Wateso kuna ajon, pombe ya wimbi inayokaa chunguni katikati ya wazee, maji ya moto yakiongezwa kila inapopungua, kila mtu na mrija wake mrefu. Kuna busaa, chang'aa na waragi. Kenya ilipokataza pombe ya paketi kwa sheria ya 2010, paketi ziliendelea kuvuka kimagendo kutoka Uganda, mpaka Uganda nayo ikazipiga marufuku mwaka 2019. Na kuna madereva wa malori waliokwama kwenye foleni, posho mfukoni na kazi hakuna.

Mazingira haya yanahitaji watu wa kujitolea wa Alcoholics Anonymous, au AA, na kazi yao si rahisi, kwa sababu wanatangaza ushirika ambao kanuni zake zinaukataza kujinadi. AA ilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Marekani. Dalali wa hisa, Bill Wilson, na daktari wa upasuaji, Bob Smith, wote wakisumbuliwa na pombe, waligundua kwamba kila mmoja alikaa bila kunywa alipokuwa na mwenzake wa kuzungumza naye. Kanuni zao 12 za kuendesha vikundi, zilizopitishwa mwaka 1950, zinasema ushirika uvutie watu bila kupigiwa debe, usipokee fedha za nje, na mwanachama asijitambulishe kwa jina kamili wala picha kwenye vyombo vya habari.

Kwa hiyo anayesimama katika baraza la chifu, au mbele ya wahudumu wa afya wa vijiji, hutaja jina lake la kwanza tu. Anaeleza mkutano ni nini: watu wameketi, mmoja anasimulia pombe ilimfikisha wapi na sasa anaishije, wengine wanasikiliza bila kumkatiza. Hakuna ada. Sharti la kujiunga ni moja, nia ya kuacha kunywa. Wanaodhani ni kanisa jipya waambiwe mapema kwamba wimbo na sadaka ya lazima havimo, na kwamba Mwislamu na Mkristo hukaa benchi moja.

Kikwazo kikubwa katika miji midogo ni aibu. Pikipiki yako ikionekana nje ya ukumbi mara mbili, jioni mtaa mzima unajua. Hapo naona mpaka unaweza kusaidia. Vikundi vikiwepo pande zote mbili, mwalimu wa Busia ya Kenya atavuka kwenda kukaa na watu wasiomfahamu, na mfanyabiashara wa Uganda atafanya vivyo hivyo. Waliovuka kutafuta pombe ya bei nafuu wanaijua njia hiyo tayari.

Je, mikutano inasaidia kweli? Mwaka 2020, mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Baada ya mwaka mmoja, takriban asilimia 42 ya waliopitia AA au matibabu ya kuwaelekeza huko walikuwa hawajagusa pombe kabisa, ikilinganishwa na asilimia 35 ya waliopata tiba nyingine zinazotambulika. Tofauti hiyo si muujiza, lakini inapatikana bila malipo. Nyingi ya tafiti hizo ni za Marekani, ndiyo maana jaribio la Eldoret, magharibi mwa Kenya, lina uzito kwetu ingawa halikuwa la AA. Wanywaji 614 wanaoishi na virusi vya Ukimwi waligawanywa. Baadhi walipata tiba ya mazungumzo ya vikundi, wengine mafunzo ya kawaida ya afya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha wa kundi la kwanza walipunguza kunywa zaidi, na walioendesha vikundi walikuwa washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, wala hawakuwa madaktari.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa kujitolea hapaswi kulisahau hata akipewa dakika tano tu. Mnywaji sugu akikata pombe ghafla anaweza kufa. Pombe huutuliza ubongo, nao ukizoea huongeza nguvu ya kujiamsha ili uendelee kufanya kazi. Pombe ikiondoka kwa siku moja, ubongo unakuwa kama lori linaloshuka mteremko bila breki: mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi unapotea. Degedege linaweza kuja ndani ya saa 48 za kwanza, na kuweweseka, mtu kuona visivyokuwepo, mara nyingi huanza siku ya pili au ya tatu. Hospitali ina dawa za kutuliza kama diazepam na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Maombi ya usiku kucha hayazuii degedege.

Vilevile dawa za kuachisha pombe zinazotiwa kwenye chakula cha mume kwa siri ziogopwe. Disulfiram, iliyo dawa halali, ikikutana na pombe huleta kutapika na kushuka kwa shinikizo la damu. Itolewe na daktari kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe.

Swali la kujipima ni fupi: umewahi kunywa asubuhi ili mikono itulie? Kama jibu ni ndiyo, anza na Hospitali ya Tororo au ile ya kaunti ya Busia, kisha utafute mkutano. Walio Kenya wanaweza kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kwa Uganda, Hospitali ya Butabika jijini Kampala ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Ukimjua mtu anayetetemeka leo, mpeleke leo.