Barafu ya Ruwenzori inapunguka: sisi wa machimbo inatuhusu nini?

Hapa Wamaza, barafu ni kitu cha ndani ya frigo, tena siku ile tu mashini ya umeme inawaka. Mutu akikuambia kwamba Kongo yetu iko na mlima wenye barafu mwaka muzima, unaweza kufikiri anakuchezea. Lakini mlima huo uko. Ni Ruwenzori, kule Kivu ya Kaskazini, kwenye mpaka na Uganda. Kilele chake Margherita kina metre 5.109. Upande wetu uko ndani ya Parki ya Virunga, karibu kabisa na ikweta, na juu yake baridi ni kali mpaka mayi inageuka jiwe.

Siku hizi jiwe hilo linaisha. Wanaolipima hawapandi tena na kamba peke yake: wanalitazama kwa sateliti, mashini zinazozunguka dunia juu sana, sawa vile wengine wanavyotazama barafu kubwa za Groenland na Antarctique. Tumependa kuwaeleza kazi hiyo, kwa sababu inafika mpaka kwenye mashimo yetu.

Tuhesabu kwa hekta, juu mkulima na mchimbaji wote wanazijua. Mwaka 1906 mwana wa ukoo wa wafalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, alipanda Ruwenzori na wenzake, wakachora ramani na kupiga picha. Kutokana na kazi yao, wataalamu wanahesabu kwamba wakati ule barafu ilifunika karibu hekta 650. Miaka 100 nyuma yake, mwaka 2006, Richard Taylor wa University College London, pamoja na wataalamu wa Uganda, walitoa hesabu ya sateliti: mwaka 1987 zilibaki karibu hekta 200, na mwaka 2003 chini kiloko ya hekta 100. Kisha mwaka 2024 Anne Hinzmann na Thomas Mölg wa chuo kikuu cha Erlangen-Nürnberg, Ujerumani, pamoja na wenzao, wakatangaza hesabu mpya: hekta 38 tu. Kilimanjaro zilibaki 98, na mlima Kenya 7. Ni kusema, kwa kila hekta 100 za barafu ya Ruwenzori wakati wa babu zetu, leo zinabaki karibu 6.

Sateliti inajuaje kama ni barafu? Swali hilo, mchimbaji atalisikia vizuri. Wewe unajua kwamba si kila kinachongaa ndani ya karai ni zahabu. Juu ya mlima pia, wingu ni jeupe na barafu ni nyeupe, jicho linadanganyika. Lakini sateliti kama Landsat, ambazo Wamarekani walianza kurusha mwaka 1972, zinapima pia mwangaza ambao jicho la mutu haliwezi kuona. Katika mwangaza huo, wingu linabaki likingaa na barafu inakuwa nyeusi. Njo vile wanazitenganisha.

Hata hivyo kazi si rahisi. Ruwenzori inafunikwa na mawingu karibu kila siku, na Landsat moja inarudi pahali palepale kila siku 16. Tena kukianguka teluji mpya, inafunika mawe, na barafu inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Mtaalamu anaweza kutupa picha mingi mbele ya kupata moja safi. Ni sawa na kuosha mchanga: unaosha mingi, unabakisha kiloko.

Na wataalamu wenyewe wanabishana. Taylor na wenzake walisema sababu kubwa ni joto ya hewa kupanda. Mwaka uleule wa 2006, Mölg na wengine wakajibu: musisahau ukavu, kwa sababu hewa ikiwa kavu, mawingu yanapunguka, jua linapiga barafu na teluji haianguki ya kutosha kuijaza. Walibishana juu ya sababu. Kwamba barafu inapunguka, hakuna aliyekataa. Ni vizuri tujue hilo, kwa maana kuko watu wanaosikia wataalamu wakibishana, kisha wanasema basi yote ni uongo.

Sasa swali la mama mwenye ndoo: barafu ya Ruwenzori ikiisha, mayi yetu itakauka? Hapana. Mito ya Ruwenzori upande wa Kongo inaingia Semliki, inaenda Ziwa Albert na Nile. Haifiki Luama wala Lualaba. Na hata kule, Taylor na wenzake walipima wakakuta kwamba mayi ya barafu haifiki hata 2 kwa 100 ya mayi ya mto chini ya mlima. Ingine yote ni ya mvua. Kwa hiyo barafu si bomba yetu. Barafu ni shahidi. Inakaa palepale miaka na miaka, na yale yanayoipata yanatuambia kwamba hewa inageuka.

Kwetu, hewa hiyo inaonekana ndani ya mvua. Siansi inajua jambo hili vizuri: joto ikipanda digri moja, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi, karibu 7 kwa 100. Siku mvuke huo unaanguka, unaanguka kwa nguvu. Mutu wa shimo anajua maana yake: udongo unalowa, unakuwa muzito, miti ya kushikilia inaachia. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kali iliingia ndani ya mashimo ya zahabu. Watu karibu 50 walihesabiwa kuwa wamekufa, na wengi wao walikuwa vijana. Wake zao na mama zao walisimama juu ya shimo wakingoja.

Sateliti zinapima mvua pia. Lakini kutoka juu, mashini inakisia tu. Ili hesabu yake iwe sawa, inalazimu mutu wa chini aseme: hapa imenyesha kiasi hiki. Na katika Kongo yetu vituo vya kupima mvua ni kiloko sana. Basi jicho la juu linakosa mkono wa chini.

Mkono huo tunaweza kuwa nao, na haulipishwi. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, juu na chini upana mumoja. Lifunge kwenye mti, pahali wazi, mbali na paa na miti mikubwa. Kila asubuhi saa moja, ingiza rula ya mwanafunzi, soma milimetre, andika ndani ya kaye pamoja na tarehe, kisha mwaga. Mtoto wa masomo anaweza kazi hiyo. Pembeni yake, mwenye shimo aandike: leo mayi imeingia, leo udongo umepasuka, leo tumekataa kushuka. Kaye ya mwaka mumoja tu itaonyesha mvua ya namna gani inaingiza mayi ndani ya shimo lenu, na siku gani ni afazali kubaki nyumbani.

Kule Ruwenzori walianza kupima tangu 1906, njo maana leo wanajua wamepoteza nini. Sisi, mashimo yetu nani anayapima? Musimu wa mvua ukikaribia, tuweke kopo kwanza, kisha tushuke.