Sikio la Bibi Kizee

Wazee wa Usukuma wanayo hadithi ya zimwi Shing'weng'we, lililomeza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua aliuliza watu walikokwenda, kisha akaanza kuwinda. Alileta panzi, akaleta ndege, akaleta paa, kila mara akidhani ndilo zimwi, na kila mara mama akamsahihisha.

Msomaji wa Unguja au Pemba atatabasamu, maana kijana huyo anamjua. Ni ndugu yake yule mwana wa Sultani Majinuni aliyemwua Nunda, katika ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870. Lakini Nunda hakutoka msituni. Alikuwa paka wa Sultani mwenyewe, naye Sultani aliwapuuza walalamikaji wote mpaka paka alipowala wanawe. Mtoto alirithi deni la baba, si sifa.

Huko Usukuma nako kuna jambo ambalo msikilizaji mwenye haraka hulipita. Masala Kulangwa alipolipasua zimwi, baba yake alitoka na watu wakatoka. Ila kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja. Bibi akamtukana, akataka hata kumroga. Shujaa hakumwambia ashukuru kwa kuokolewa. Alitafuta dawa akamponya, ndipo watu wakamkalisha kitini.

Sungusungu walipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bariadi ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, walikabili zimwi la kweli: wezi wa ng'ombe. Kwa pinde, mishale na yowe walirudisha usalama. Serikali ikawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwatambua. Hayo hatuyakani. Lakini walikuwapo pia watu waliopigwa na kufukuzwa vijijini kwa tuhuma tupu, wakiwamo wanawake walioitwa wachawi. Na wezi hawakuwa na macho mekundu ya moshi wa jikoni.

Leo Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, na walioshika upinde siku zile wana wajukuu. Wajukuu husimuliwa jinsi wezi walivyokimbia. Twawaomba ndugu maofisa, wakikutana na vijana hao, wawaulize pia habari za waliofukuzwa: walikwenda wapi, na mashamba yao yanalimwa na nani.