Gari ya zamani ya koperative: kuitengeneza ao kuiacha?

Katika koperative nyingi za Kivu kuna gari ya zamani imelala nyuma ya depo. Mipira imeisha upepo, kuku wanataga ndani ya kabine, majani ya maboga yamepanda mpaka juu ya vioo. Kila mkutano mkuu mtu mmoja anasimama na kuuliza: «Ile gari yetu tutaiamsha siku gani?» Watu wanacheka, kisha wananyamaza, kwa sababu kila mmoja iko na jambo anakumbuka juu yake.

Katika toleo hili tunaeleza namna ya kujibu lile swali bila kupoteza pesa na bila kuvunja umoja. Tunafuata mfano wa koperative moja ya kahawa katika teritware ya Lubero, ambayo tuliisindikiza karibu mwaka mzima. Hatutaji jina lake. Wanachama wenyewe walituambia: «Makosa yetu muyaandike, wengine wajifunze. Lakini jina mutuachie.»

Gari iliyobeba kilima kizima

Ni Toyota Hilux ya mazutu, ya kabine moja. Waanzilishi waliinunua ikiwa tayari imetumika, na mwenye kiti wa kwanza ndiye alikuwa shofere. Ilishusha kahawa Butembo na kurudi na chumvi, sabuni na mabati. Usiku ilipeleka wamama wenye kujifungua kwenye hospitali. Ilibeba maharusi, na ilibeba majeneza. Safari yake ya mwisho ilikuwa kumsindikiza yule mzee mwenyewe kaburini. Kisha ikalala miaka sita.

Kulikuwa makundi mawili. Vijana walisema: tuiuze kwa kilo, kama vyuma, tununue pikipiki ya mizigo. Wazee walisema: kuuza hii gari ni kumuuza mzee. Wakabishana misimu miwili. Mwishoni wakafanya kosa ambalo koperative nyingi zinafanya: walichanga pesa, wakanunua rangi. Gari ikang'aa kama ya bwana harusi, lakini haikutoka pahali ilikuwa. Pesa ya kwanza ikaishia pale. Rangi ni kazi ya mwisho, si ya kwanza.

Swali la kwanza: gari ni ya nani?

Kabla ya kushika ufunguo wa kufungulia bulo, tafuteni karte roze. Katika mfano wetu, karte roze ilikuwa na jina la marehemu, si la koperative. Zamani walifanya vile kwa haraka, na hakuna mtu aliyerekebisha. Maana yake: kwa karatasi, gari ilikuwa ya mjane na watoto. Kama koperative ingeweka pesa ya wanachama pale, kesho mtoto mmoja angeweza kuja kuichukua, na angekuwa na haki.

Komite ilienda kumuona mama nyumbani kwake, na kuku mkononi, kama desturi inavyotaka. Waliogopa kuongea. Mama ndiye alianza: «Baba yenu alikuwa anasema hii gari ni ya kilima kizima. Lakini kusema si kuandika. Leteni karatasi, na watoto wangu wote wakuwe hapa wakati ninatia kidole.» Waliandika mbele ya chefu na mashahidi, kisha wakafuata njia ya ofisi ya kubadilisha jina. Wakati ule ule ulizeni bei ya asiransi, vinyeti na kontrole tekniki. Ile pesa inaingia katika hesabu kama vile mazutu.

Shasi kabla ya moteri

Moteri mbovu inaweza kubadilishwa. Shasi iliyooza inaua gari, na inaweza kuua watu. Kwa hiyo muanzie chini.

Osheni gari chini na maji mengi, matope yote yatoke. Matope yanashika maji, na kutu inakulia pale. Kisha pigeni shasi polepole na nyundo, sentimita kwa sentimita. Chuma kizima kinalia kama kengele. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito, na magamba yanaanguka. Angalieni zaidi mahali resori za nyuma zinashikamana na shasi, na chini ya karoseri ya mizigo.

Kama tundu ni moja ao mawili, msudeli mwenye uzoefu atakata chuma kibovu na kuweka chuma kipya cha unene ule ule. Asifunike kutu na bati jepesi: kutu itaendelea ndani bila ninyi kuiona. Kama shasi imeoza pande zote mbili, ao imepinda sababu ya ajali, basi muache. Tazameni vipande vinavyoweza kuuzwa, mufunge hesabu. Hiyo pia ni jibu nzuri.

Kuamsha moteri iliyolala

Musipige demareri siku ya kwanza. Hatari ni hii: ndani ya silinda mafuta yamekauka, na kutu kidogo inaweza kushika pistoni. Ukilazimisha, unavunja. Fundi afanye hivi:

1. Atoe injekteri, amwage mafuta ya moteri kidogo katika kila silinda, aache siku moja ao mbili.

2. Azungushe moteri kwa mkono, na ufunguo, polepole. Ikizunguka bila kukwama, ni habari nzuri.

3. Amwage mazutu ya zamani yote, asafishe rezervware, abadilishe filtre. Kisha atoe hewa ndani ya njia ya mazutu. Moteri ya mazutu yenye hewa ndani ya mabomba haiwaki, hata kama kila kitu kingine ni kizima.

4. Abadilishe mafuta ya moteri. Kama yale ya zamani yanafanana na kahawa ya maziwa, maji yameingia ndani. Mara nyingi ni joenti ya kulasi, ao kulasi yenyewe imepasuka. Pale musimame, muombe bei kabla ya kuendelea.

5. Abadilishe mkanda wa distribisio, kama moteri yenu iko nao na hamujui umri wake. Ukikatika moteri ikizunguka, valvu zinaweza kugongana na pistoni. Mkanda mmoja unaweza kuwagharimu moteri nzima.

Moteri ikiwaka, angalieni moshi ikishapata moto. Moshi mweusi: mazutu ni mengi ao hewa ni kidogo, anza na filtre ya hewa. Moshi wa bluu: moteri inakula mafuta yake. Moshi mweupe usioisha: mazutu haichomeki vizuri, ao maji yanaingia. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya mlimani ni nyepesi, kwa hiyo moshi mweusi kidogo wakati wa kupanda usiwatishe sana. Moshi mwingi unaotoka hata gari ikiwa tupu, huo muutafutie dawa.

Mafuta machafu musiyamwage shambani wala mtoni. Muyaweke ndani ya bidoni yenye kifuniko, mbali na watoto, mupelekee garaji yenye kuyatumia tena.

Freni, usukani, mipira: hapa hakuna «tutaona kesho»

Gari ikisimama miaka, mipira midogo ndani ya freni inakauka na kupasuka. Mafuta ya freni nayo yanavuta maji kutoka hewani. Ukishuka mlima mrefu, freni zinapata moto, yale maji yanachemka, na pedali inaenda mpaka chini bila kushika kitu. Kwa hiyo badilisheni mafuta yote, ile mipira midogo yote, na bomba za mpira. Kuna mashofere wanaoweka maji ya sabuni ao mafuta ya mawese katika freni ili wafike tu. Musikubali. Maji yanachemka, mafuta ya mawese yanavimbisha mipira, na mteremko hauulizi sababu.

Vumbi ya freni za zamani inaweza kuwa na amianti, ambayo inaharibu mapafu. Fundi asipulize ile vumbi. Aloweshe na maji kwanza, afute na kitambaa.

Mipira ya magurudumu iko na tarehe. Tafuteni ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, namba nne. Mukisoma 2317, mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2017. Mpira wenye kupita miaka kumi musiununue, hata kama meno yake ni marefu na muuzaji anaapa.

Hesabu: gari inatusaidia ao inatukula?

Tuchukue mfano. Namba zenu zitakuwa tofauti, lakini njia ni ile ile.

Tuseme matengenezo yote yamegharimu dola 2,400, na gari itafanya kazi miaka minne, majuma 40 kwa mwaka. Hiyo ni majuma 160. Kila juma lazima litoe dola 15 ili kurudisha ile pesa.

Gari inafanya safari mbili kwa juma, magunia 12 ya kahawa ya kilo 60 kila safari. Ni kilo 720, inatosha kwa gari mzee. Gari ya kukodi inaomba dola 2 kwa gunia, kwa hiyo magunia 24 yangetugharimu dola 48. Yetu inakula: mazutu 14, shofere 10, matengenezo 15, mafuta na mipira na karatasi 6. Jumla dola 45. Tumebakiza dola 3.

Sasa kahawa imekuwa kidogo, tunafanya safari moja tu. Kukodi kungekuwa dola 24. Yetu: mazutu 7, shofere 5, lakini 15 na 6 hazipungui. Jumla dola 33. Tumepoteza dola 9 kila juma.

Munaona? Gari haileti faida kwa sababu ni yetu. Inaleta faida kama inafanya kazi. Ile koperative ilipoona hii hesabu ubaoni, wazee wakanyamaza. Na vijana nao wakanyamaza, kwa sababu gunia za kutosha zilikuwepo: mazao ya maharage ya koperative jirani yangeweza kujaza safari za miezi isiyo na kahawa. Walienda kupatana na wale jirani kabla ya kutoa hata franka moja.

Mifuko miwili

Hapa ndipo walipata umoja. Walitenganisha pesa mara mbili. Mfuko wa kazi ni pesa ya koperative: shasi, moteri, freni, mipira, karatasi. Huo unapigiwa kura na mkutano mkuu, na lazima urudi. Mfuko wa ukumbusho ni michango ya hiari: rangi, viti, mbao za karoseri. Huo haurudi, na hakuna mtu anayelazimishwa. Anayempenda mzee anatoa. Mwenye kusema «mimi nataka pesa yangu ya kahawa» anaachwa na amani.

Upendo si kosa. Kosa ni kuulipia na pesa ya mtu mwingine.

Daftari nyuma ya kiti

Wakati wa kutoa viti, fundi alikuta daftari ya shule, imeliwa na panya pembeni. Mzee aliandika kila safari: tarehe, litre za mazutu, idadi ya magunia, kitu kilichobadilishwa. Na kwa wagonjwa aliandika jina na neno moja: «bure». Kurasa za mwisho zilikuwa na mwandiko mwingine, wa shofere aliyemfuata wakati mzee alikuwa mgonjwa. Safari tatu, kisha hakuna kitu. Hakuna vidanje, hakuna filtre, hakuna litre.

Mwenye kiti wa sasa aliisoma mbele ya mkutano, kisha akasema: «Tulifikiri gari ilikufa na uzee. Ilikufa siku tuliacha kuandika.»

Leo ile gari inatembea. Haishuki tena mpaka mbali. Inatoa kahawa kwenye kituo cha kuoshea na kuifikisha barabara kubwa, na pale lori inachukua. Bidoni ya mazutu haikai pamoja na kahawa, kwa sababu kahawa inavuta harufu na mnunuzi ataikataa. Daftari mpya iko ndani ya kabine, na mkaguzi anaiangalia kila mwisho wa mwezi. Safari za wagonjwa zinaandikwa pia, na komite inalipa mazutu yake kutoka mfuko wa ukumbusho.

Kwa mkutano wenu ujao

Kama muko na gari ya namna hii, mulete majibu ya maswali haya matano: Karte roze iko na jina la nani? Shasi inalia namna gani? Moteri inazunguka kwa mkono? Tuko na magunia mangapi kwa juma, msimu mzima? Nani ataandika daftari?

Kama jibu moja linakosekana, musitoe pesa bado. Na rangi muiache dukani.