Mzinga Uliogawanyika na Mzinga Uliokosa Malkia: Mwongozo kwa Mfugaji wa Nyumbani

Msimu wa maua unapopamba moto na mzinga ukajaa, mfugaji aweza kuona nyuki wakitoka kwa maelfu, wakizunguka angani kwa mvumo mkubwa, kisha wakajikusanya kwenye tawi mithili ya mkungu wa ndizi. Wengi hudhani kwamba nyuki wote wamehama na mtaji umepotea. Mara nyingi sivyo: kundi limegawanyika, na mzinga bado una uhai. Hasara huja pale mfugaji asipotofautisha mzinga unaomsubiri malkia mpya na ule usio na njia ya kumpata.

Kundi linapogawanyika

Malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya nyuki watenda kazi, wakiwa wameshiba asali. Nyuma huachwa vijumba vya malkia, vyenye umbo la ganda la karanga, ambavyo aghalabu huning'inia kwenye kingo za masega. Malkia hukamilika siku 16 hivi tangu yai kutagwa, mtenda kazi siku 21 na dume siku 24. Kwa nyuki wa Afrika muda huo huweza kupungua kidogo. Baada ya kutoka kijumbani, malkia kijana huhitaji siku kadhaa za kukomaa, kuruka na kupandwa na madume angani, ndipo aanze kutaga. Kwa hiyo mzinga uliogawanyika huweza kukaa takriban wiki 3 hadi 4 bila yai hata moja, na ukawa salama. Katika kipindi hicho usiufungue mara kwa mara, kwa kuwa nyuki wetu wakisumbuliwa huhama.

Kundi lililotua mtini lisichomwe moto wala kupuliziwa dawa ya wadudu. Kwa kawaida huwa tulivu kwa kuwa halina majana ya kulinda, lakini utulivu huo si dhamana. Waondoe watoto na mifugo, kisha mwite afisa ufugaji nyuki wa wilaya au mfugaji mzoefu mwenye mavazi ya kinga.

Dalili za mzinga usio na malkia

Malkia akifa ghafla, watenda kazi huweza kumlea mwingine kutokana na majana machanga, yasiyozidi siku 3 tangu kuanguliwa. Majana hayo yakikosekana, mzinga hauwezi tena kujiokoa. Baada ya wiki kadhaa baadhi ya watenda kazi huanza kutaga. Utaona mayai mawili au zaidi katika kijumba kimoja, mengine yakiwa yamebandikwa ukutani badala ya kusimama chini, na vifuniko vilivyovimba vya majana ya dume vikiwa vimetawanyika ovyo. Mayai hayo hayakurutubishwa. Huzaa madume tu, nao hawakusanyi chakula. Kundi hupungua hadi likaisha, na nondo wa nta wakavamia masega.

Jaribio la sega

Ukiwa na shaka, chukua kutoka mzinga wenye afya sega lenye mayai na majana machanga, hakikisha halina malkia, ulitie katika mzinga unaoushuku. Kagua baada ya siku 3 au 4. Nyuki wakianza kujenga vijumba vya malkia juu ya sega hilo, hawana malkia, na umekwisha kuwapa mbegu ya kumlea. Wasipojenga, yamkini malkia yupo, subiri. Hata hivyo, mzinga ambao watenda kazi wake wamekwisha kutaga huenda usijenge, wala usimpokee malkia mgeni kwa urahisi. Tumia dalili zilizotajwa hapo juu, kisha uombe ushauri wa kuwaunganisha nyuki hao na kundi lenye nguvu.

Kabla ya kununua kundi

Usilipie mzinga kwa sababu tu nyuki wengi wanaingia na kutoka. Hata mzinga uliokosa malkia huonekana hivyo kwa wiki kadhaa. Mtake muuzaji aufungue mbele yako, nyote mkiwa na mavazi ya kinga na moshi. Si lazima umwone malkia mwenyewe. Tafuta yai moja lililosimama chini ya kila kijumba, na majana ya watenda kazi yaliyofunikwa kwa vifuniko bapa, yaliyopangika pamoja. Muuzaji akikataa kufungua, au akidai kwamba malkia "atakuja baadaye", ahirisha malipo hadi mayai yaonekane.